Mashine za gemu zinazibwa mdomo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie makala mliyoitoa Jumamosi iliyopita kuhusu mashine za gemu za nyumbani na jinsi zilivyobadilika kizazi baada ya kizazi. Nimeisoma mara mbili. Mwandishi amezipanga vizuri kwa kasi ya prosesa na ukubwa wa memori, na hesabu zake sina ugomvi nazo. Ila mimi ninazifungua mashine hizo kwa bisibisi tangu mwaka 2001, hapa Ngamiani, Tanga, na naona kuna kitu kimerukwa ambacho kwangu ndicho kikubwa kuliko vyote: mdomo. Nasema mdomo kwa maana ya pale gemu linapoingilia. Ilikuwa kaseti, ikaja sidi, ikaja dividi, na sasa zinatoka mashine ambazo hazina tundu lolote. Ukiifuata historia hii kwa kutazama mdomo, utaona jambo ambalo namba za prosesa haziwezi kukuonyesha: mashine imezidi kupata nguvu, na mwenye mashine amezidi kupoteza kauli juu yake.

Nianze na kaseti. Kaka yangu mkubwa alikuwa akifanya kazi Maskati, na mwaka 1993 alipokuja likizo alituletea mashine ya gemu ya kuchomeka kwenye TV, pedi mbili zenye waya usiofika hata kwenye mkeka, na kaseti moja ya njano. TV yetu ilikuwa ya chogo, nchi 14, unazungusha kitufe taratibu mpaka chaneli ikae. Jioni ile sebule ilijaa hadi watoto wa jirani wakaning'inia dirishani. Miezi minane baadaye umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, mashine ikanyamaza. Nilikuwa na miaka 15. Niliifungua kwa kisu cha mezani nikitarajia kukuta mji mzima humo ndani, kama ilivyokuwa redio ya baba. Nikakuta kibao chembamba, katikati yake tone jeusi lililoganda kama lami. Basi. Sehemu kubwa ya lile boksi ilikuwa hewa tupu.

Ilinichukua miaka kuelewa nililoliona. Tone lile lilikuwa Famicom nzima, ile mashine ya Nintendo iliyotoka Japani Julai 1983, kazi ya mhandisi Masayuki Uemura. Famicom ya asili ilikuwa na chipu ya prosesa iliyotengenezwa na Ricoh, chipu nyingine ya picha, na memori ya kufanyia kazi ya KB 2 tu. Miaka iliyofuata, viwanda vya Asia visivyohusiana na Nintendo vilivikusanya vyote hivyo ndani ya chipu moja, vikaifunika kwa gundi nyeusi na kuiuza kwa majina chungu nzima. Wengi wetu upande huu tuliijua Nintendo bila kuliona jina lake. Gemu la Mario la mwaka 1985, lililotukesha usiku mwingi, lilikuwa na KB 40. Picha moja mnayotumiana kwenye simu leo ni kubwa kuliko hilo.

Na tone halikuwa na kosa. Kilichoungua ni adapta. Fundi redio wa Barabara ya Nane aliweka nyingine, mimi nikashinda pale nikimtazama, na ufundi wangu ulianzia siku hiyo.

Makala yenu ilimtaja Ralph Baer, mhandisi aliyebuni mashine ya Odyssey, na ni haki yake. Odyssey, iliyouzwa na Magnavox huko Marekani mwaka 1972, ndiyo mashine ya kwanza ya gemu ya kuuzwa kwa ajili ya nyumbani, nayo haikuwa na prosesa wala sauti. Ilikuja na kadi za kuchomeka, ila kadi zile hazikubeba gemu. Kazi yake ilikuwa kuunganisha njia za umeme za ndani kwa mpangilio tofauti, kisha wewe unabandika karatasi ya plastiki yenye rangi juu ya kioo cha TV ili vidoa vyeupe vipate uwanja wa kuchezea. Yaani mdomo ulikuwepo, lakini bado haujapewa chakula.

Aliyeupa chakula hamkumtaja, na hilo limeniuma. Anaitwa Jerry Lawson, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Brooklyn mwaka 1940, ambaye ujanani alijipatia hela kwa kutengeneza TV za watu. Ndiye aliyeongoza kazi ya Channel F, mashine ya kampuni ya Fairchild ya mwaka 1976. Hiyo ndiyo ya kwanza kuwa na prosesa ndani na gemu lililohifadhiwa kwenye chipu ndani ya kaseti unayoichomeka na kuichomoa upendavyo. Kaseti zake zilikuwa za njano. Nilipoiona picha yake kwa mara ya kwanza niliikumbuka ile ya kaka yangu, nikabaki naitazama kwa muda. Atari walifuata mwaka 1977 na mashine yenye baiti 128 za memori, yaani herufi 128, ambazo mstari mmoja na nusu wa barua hii ungezijaza, na Atari ndio walioibeba sifa. Lawson alifariki mwaka 2011. Kila mtoto aliyewahi kuazima kaseti kwa mwenzake ana deni kwa mtu huyu, na gazeti linaloandika historia ya mashine hizi lisimpite.

Mashine za Sega na Super Nintendo zilikuwa na wapenzi wao, mimi nilizipata chache sana mezani, nazipita. Nije kwenye sidi.

Sony walitoa PlayStation huko Japani tarehe 3 Desemba 1994. Ken Kutaragi, mhandisi wao, alikuwa na mpango wa kuitengenezea Nintendo kifaa cha sidi. Mwaka 1991 Nintendo wakahamia kwa Philips, na Sony wakaamua kuunda mashine yao wenyewe. Uamuzi huo ulibadilisha mdomo. Nintendo 64 ya mwaka 1996 ilibaki na kaseti ambayo kubwa kabisa ilibeba MB 64. Sidi ilibeba zaidi ya MB 600, na kuichapa kulikuwa rahisi mno. Ndiyo maana mashine hii ilifika hadi Ngamiani na ile haikufika.

Nilifungua banda mwaka 2001: mashine mbili za sidi, chogo mbili za nchi 21, mabenchi manne, mechi moja shilingi 100. Sheria ilikuwa moja, mwenye sare ya shule haingii, na nimeishika mpaka leo. Mashine ya kwanza niliinunua kwa baharia, imetoka Japani. Niliichomeka moja kwa moja ukutani na ndani ya dakika moja ikatoa moshi, kwa sababu ilitengenezewa umeme wa volti 100 na wetu ni 230. Ya pili niliipitisha kwenye transfoma. Ikawaka, lakini picha ikaja nyeusi na nyeupe, ikipanda na kushuka, maana mfumo wa rangi wa Japani TV yetu haiusomi. Hayo nayo ni historia ya hizi mashine, na walioyajua ni mafundi. Leo mashine mpya nyingi unazichomeka popote na zinajisomea umeme zenyewe. Hatua hiyo sijaiona ikisifiwa mahali popote, nami naisifu hapa.

Lenzi ndiyo iliyonilisha. Mashine iliyotengenezwa kwa sebule ya mtu mmoja sisi tuliiendesha saa kumi na mbili kwa siku, kwenye joto na vumbi la barabara isiyo na lami. Reli ya plastiki inayobeba lenzi ililika, lenzi ikainama kidogo, gemu likakwama kwenye nembo. Vijana waligundua kwamba ukiigeuza mashine kichwa chini inasoma, kwa kuwa uzito unairudisha lenzi mahali pake. Ukiingia bandani kwangu mwaka 2003 ungekuta mashine moja imelala chali, na nyingine imesimama kwa ubavu ikiegemea tofali. Sony wenyewe katika matoleo ya baadaye waliisogeza lenzi mbali na sehemu ya umeme inayotoa joto.

PS2, yaani PlayStation ya pili, ilitoka Machi 2000, ikafika kwangu mwaka 2005, na kwa maoni yangu ndiyo mashine iliyomheshimu mwenye nayo kuliko zote. Nitaeleza. Mdomo wake ulikula dividi na sidi. Ulisoma gemu, ukasoma filamu, ukasoma muziki. Na ulisoma gemu za PS1, kwa sababu prosesa ya PS1 waliiweka humo humo ndani ikafanya kazi ya kusimamia pedi na memori kadi, na ukiingiza sidi ya zamani inageuka kuwa PS1 yenyewe. Kabati langu la sidi halikufa siku ile PS2 ilipoingia. Nilipoiona gemu ya 1997 ikiwaka kwenye mashine ya kizazi kipya nilifurahi kama mtu aliyerudishiwa akiba yake benki.

Ilifunguka vizuri pia. Unatoa vifuniko vidogo chini, skrubu nane, unainua. Lenzi imekaa juu ya reli mbili za chuma. Unaifuta kwa kipande cha pamba chenye spiriti kidogo, huikandamizi, unasubiri ikauke. Ikiwa bado haisomi, pembeni yake kuna skrubu ndogo mno, ndogo kuliko punje ya ufuta, inayorekebisha nguvu ya mwanga. Unaizungusha kiasi cha unywele. Ukizidisha, lenzi inaungua na hairudi. Mwanangu wa kwanza nilimfundisha kazi hiyo akiwa darasa la saba, nikimshika kiwiko ili mkono usitetemeke. Mwaka 2006, mgao wa umeme ulipotubana, PS2 ile nyembamba na TV ndogo vilitosha kwenye jenereta dogo la petroli, na watu walikuja kucheza wakati mtaa mzima upo gizani. Sony waliitengeneza PS2 hadi karibu na mwaka 2013, na zaidi ya milioni 155 ziliuzwa. Sishangai.

Sitaficha kwamba sidi nyingi za mabanda enzi hizo zilikuwa za kunakili, na mashine nyingi zilichipiwa, yaani ziliwekewa chipu ya ziada, ili zizikubali. Waliotengeneza magemu yale walifanya kazi ambayo hawakulipwa, na najua hilo ni kosa. Tangu nilipopata uwezo nanunua za halali, za mkono wa pili zinazotoka Dubai na Uingereza.

Na PS3 ya mwaka 2006 iliniwezesha, kwa sababu diski zake za gemu hazikufungwa kwa nchi: ya London, ya Dubai na ya Tokyo zote zilisoma kwenye mashine moja. Hadi ile vita ya rangi na volti ikaisha. Bei yake ilikuwa kubwa, dola 499 na 599 ilipotoka Marekani, kwa hiyo mimi niliisubiri ishuke. Kwa upande wa Xbox, mashine ya Microsoft, mlieleza vizuri habari ya taa nyekundu zilizowaka Xbox 360 inapoharibika na jinsi Microsoft mwaka 2007 walivyorefusha dhamana kuwa miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni moja kwa ajili ya matengenezo. Sina la kuongeza.

Ni kwenye PS4, mwaka 2013, ndipo nilipoona mdomo unaanza kuwa pambo. Unaingiza diski, mashine inainakili yote kwenye ghala lake la ndani (hard disk), na kuanzia hapo diski inabaki kuwa ufunguo tu wa kuthibitisha kwamba unayo. Bado nilikuwa sawa. Kisha nikajua habari ya betri. Ndani ya PS4 kuna betri ya duara kama sarafu, aina ileile ya CR2032 ninayoweka kwenye mizani na rimoti, kazi yake kutunza saa. Wachunguzi waligundua kwamba betri hiyo ikifa, na mashine isiweze kuwasiliana na seva za kampuni kuweka saa upya, inakataa kucheza hata gemu lililopo kwenye diski mkononi mwako. Betri ya shilingi elfu moja! Sony walilirekebisha katika sasisho la Septemba 2021, nawashukuru kwa hilo. Lakini fikiria mashine isiyofikiwa na intaneti, isiyowahi kupata sasisho hilo.

Sasa mwandishi wenu amesema hatua inayofuata ni mashine kuwa bila tundu, na ameiandika kama habari njema. PS5 ya mwaka 2020 ilikuja kwa aina mbili, moja ina tundu la diski na nyingine haina. PS5 Pro ya mwaka 2024 haina kabisa; tundu unalinunua pembeni, na ili lifanye kazi linahitaji intaneti litambuliwe na mashine mara ya kwanza. Xbox Series S haina. Nintendo Switch 2 ya mwaka 2025 ina mdomo wa kaseti, lakini baadhi ya kaseti zake hazina gemu ndani: unaichomeka, kisha mashine inakwenda kupakua gemu mtandaoni. Nilipoisoma hiyo nilimkumbuka Baer na kadi zake za 1972 zisizobeba kitu. Miaka hamsini na tatu, na tumerudishwa kwenye kadi tupu.

Mwezi Mei kijana mmoja wa hapa mtaani, yupo kidato cha tano, alikuja na boksi jipya jeupe. Mjomba wake anaishi Ulaya, alijinyima akamtumia zawadi ya kufaulu. Ndani ya boksi mjomba aliweka na diski tatu, mpya, bado zina nailoni. Kijana aliiweka mashine mezani kwangu kwa mikono miwili akauliza, "Mama, sidi zinaingilia wapi?"

Niliizungusha pande zote nne mbele yake ingawa nilikwisha jua jibu. Aliyemuuzia mjomba wake hakumwambia kitu. Nikamwambia tujaribu kulipakua moja, tukalinunua kwenye duka la mtandaoni kwa kadi ya mwanangu, ingawa diski yake tayari anayo mkononi. GB 90. Tulinunua bando, tukawasha simu, tukaiacha usiku kucha. Asubuhi bando limekwisha na mstari umefika asilimia 11. Alilitazama lile asilimia 11 bila kusema neno, akaanza kuzikunja nyaya vizuri kama alivyozikuta.

Watu wataniambia intaneti inakuja, mkongo unasambazwa, nisubiri. Nakubali inakuja. Lakini diski moja ya PS5 inabeba hadi GB 100, na wiki iliyopita rafiki yangu wa Kariakoo alinitumia tatu kwenye bahasha, kwa basi la asubuhi, shilingi 5,000. Zilifika kabla ya adhuhuri. Hakuna bando lolote hapa Tanga linaloweza kunishushia GB 300 kwa bei hiyo na kwa muda huo. Tena diski nikishaichoka naiuza, naibadilisha, au nampa mtoto wa dada. Gemu la kupakua halina mlango wa kutokea. Limefungwa kwenye akaunti yako. Na maduka yenyewe yanafungwa: la Wii U na 3DS, mashine za Nintendo, liliacha kuuza Machi 2023, la Xbox 360 likafungwa Julai 2024. Waliokwisha nunua waliachiwa kupakua walichonacho, na hilo ni jema kwa sasa. Kaseti ya njano ya mwaka 1993 ninayo ndani ya bati la biskuti, na juzi niliichomeka ikawaka.

Nakubali pia kwamba diski za siku hizi si zote zimekamilika, nyingine zinadai sasisho siku ya kwanza. Hata hivyo, zinakupa pa kuanzia.

Ombi langu kwenu ni dogo. Mnapoorodhesha bei za mashine kwenye ukurasa wenu wa teknolojia, andikeni kwa herufi kubwa kama ina tundu la diski au haina, kabla hata ya kutaja memori. Wafanyabiashara wa Kariakoo waandike vivyo hivyo kwenye boksi. Na ndugu zetu walio Maskati, London na Toronto, wanaosoma gazeti hili kwenye simu, nawaomba kabla hamjalipa mtazame uso wa mashine. Mkiona mstari mwembamba wa kuingizia diski, nunueni. Msipouona, ulizeni kwanza nyumbani kama intaneti ipo ya kutosha.

Mashine ya kijana ipo kwao, juu ya kabati, imefunikwa kwa kitambaa. Diski zake tatu ziko bandani kwangu, rafu ya juu, zimeandikwa jina lake kwa karatasi ya gundi. Kila Jumamosi baada ya saa kumi anakuja, anaitoa mojawapo, anaiingiza kwenye mashine yangu yenye tundu, anacheza saa moja. Mezani wenzake wanalipa. Yeye simtozi, gemu ni la kwake.

Mama Fundi,
Ngamiani, Tanga.